Kitu Kimoja Alichomaliza Abdulhamidu

Mpwa wangu Abdulhamidu ni bingwa wa kuanza. Hapa kisiwani kwetu, Kilindoni, hatujapata mwingine wa kiwango chake, na sidhani kama tunamhitaji. Ana nyumba iliyopigwa lipu upande mmoja tu, ule unaotazama barabara, ili wapita njia wasisumbuke kuwazia huko nyuma kukoje. Ana kitanda chenye nusu ya ua kwenye ubao wa kichwani. Nusu ya pili ya ua hilo iko akilini mwake, na huko akilini, kwa maelezo yake, limetoka zuri mno. Ana shamba la mihogo lenye uzio wa pande tatu. Mbuzi wa mtaa mzima wanamwombea dua kwa ajili ya upande wa nne.

Mimi ni Mkadam, mjomba wake, fundi cherehani pale karibu na soko. Dada yangu alipokuwa anatutoka aliniambia nimwangalie mwanawe. Nimemwangalia. Nimemwangalia hadi macho yanauma, na sikuwahi kuona anachokishika kikaisha.

Kazi yake ni kuendesha bodaboda, na kazi hiyo inamfaa kweli kweli. Safari ndicho kitu pekee anachokifikisha mwisho, nayo ni kwa sababu abiria hushuka mwenyewe.

Mtu kama huyu akapata mke, tena mke mwenye akili. Swabaha ni binti wa Mzee Shaibu wa kijiji cha Ndagoni, mzee ambaye maisha yake yote amekuwa akitengeneza mashua za watu na kuzipaka mafuta ya kuzuia maji. Swabaha alivumilia nyumba ya lipu la upande mmoja. Alilala chini ya nusu ua bila kulalamika. Kilichomshinda ni mlango wa bafu.

Bafu lenyewe ni zuri. Abdulhamidu alilijenga nje, kwa matofali, akaliwekea sakafu ya saruji yenye mteremko wa kutoa maji. Likabaki bila mlango. Mahali pa mlango akatundika gunia la mkaa, kwa muda tu. Basi asubuhi moja upepo ukalinyanyua gunia lile Swabaha akiwa ndani na sabuni usoni, na wakati huo huo wageni wa harusi ya jirani walikuwa wanapita kwa furaha, na zumari mbele. Zumari lilinyamaza. Wanaojua wanasema hata mpiga ngoma alikosea.

Siku ile ile Swabaha alifunga begi lake. Alipita kwangu kwanza, maana ana adabu, akasimama mlangoni mwa kibanda changu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wapi na begi?"

"Naenda kwetu. Mwambie mpwa wako, siku atakapomaliza kitu kimoja, kimoja tu, chochote, hata kushikiza kifungo cha shati, aje anichukue."

"Na asipomaliza?"

"Basi tena."

Mzee Shaibu alilitafsiri hilo neno la "basi tena" kwa uwazi zaidi. Alituma salamu kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama na Abdulhamidu hajafika Ndagoni, ataomba talaka ya binti yake, kwa heshima na bila ugomvi. Abdulhamidu alipopata habari hizo alikaa kwenye kigoda changu, akashika kichwa. Anampenda yule mwanamke. Hilo hata mimi, ambaye simkubalii mengi, namkubalia.

"Alisema nimalize chochote, mjomba?"

"Chochote."

Mtu yeyote mwenye kichwa juu ya mabega angekwenda kwa seremala kununua mlango. Mpwa wangu alifikiri. Alifikiri usiku na mchana, akakonda, akaacha ndevu. Kisha akanijia na uso wa mtu aliyeoteshwa, akasema kwamba, ili kumrudisha mke wake aliyekimbia bafu lisilo na mlango, atafunga chujio jipya la hewa kwenye pikipiki.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Pikipiki inavuta pumzi. Hilo nimelijua kwa lazima, kwa sababu mpwa wangu akishika jambo hamwachii msikilizaji wake. Inavuta hewa, inaichanganya na petroli, inaichoma, ndipo gurudumu linazunguka. Hewa ya barabara zetu ina mchanga, na mchanga ukiingia ndani unasaga chuma, kwa hiyo lazima pawe na chujio njiani. La kwake la kiwandani lilikuwa limekufa zamani. Mahali pake alikuwa amefunga kipande cha khanga kwa mpira, kwa muda tu, na katika muda huo mimi nimeozesha binti zangu wote.

Sadick, binamu yake aliyeko Dar, akamletea chujio jipya kwa boti: sponji nyekundu yenye umbo la koni, mdomo wake umezungushiwa ukanda wa chuma wa kukazia. Si la pikipiki yake hasa. Ni la pikipiki yoyote, jambo ambalo katika lugha ya wauza spea lina maana kwamba si la pikipiki hata moja.

Kazi ilifanyika barazani kwangu, kwa kuwa baraza ya kwake haina paa. Akang'oa kiti. Akafungua kifuniko cha pembeni. Akalitoa lile boksi la zamani la chujio, likamwaga mchanga wa kutosha kuchanganyia saruji, na ndani yake kile kipande cha khanga, ambacho nilikitambua kuwa ni cha Swabaha na nikanyamaza. Mdomo wa chujio jipya ulikuwa mpana kuliko mdomo wa kabureta, pale hewa na petroli vinapochanganyikia. Akakata mpira wa ndani wa tairi, akauzungushia hapo ili pajae, akachomeka, akakaza ukanda kwa bisibisi. Akafungua kabureta, akabadili jeti, kile kitundu kidogo cha shaba kinachopitisha petroli, kwa sababu hewa ikiongezeka na petroli nayo haina budi iongezeke. Akakunja kipande cha bati nene, akakitoboa, akakifunga kwenye fremu ili chujio lisining'inie.

Mimi nilikuwa nashona sare za shule huku nikisubiri aache. Najua anapoachia. Huwa ni pale ambapo kimebaki kitu kimoja: skrubu moja, ubao mmoja, pigo moja la nyundo. Hapo husimama, hujinyoosha, husema ngoja nikanywe chai, na hiyo chai hainyweki ikaisha.

Ikabaki nati moja. Nikaona kabisa. Akasimama, spana mkononi, jasho linamtoka kuliko kazi yenyewe ilivyodai. Akatazama upande wa mgahawa. Nami nikaacha kukanyaga cherehani. Kisha akachuchumaa tena, akaikaza ile nati mpaka ikalia.

Nilifurahi. Naliandika wazi: nilifurahi hadi macho yakalowa, nikasingizia vumbi la kitambaa. Nilimfikiria dada yangu. Abdulhamidu akapiga kiki, pikipiki ikanguruma kwa sauti mpya nene, kuku wakatawanyika, na kijiwe kizima cha bodaboda kikaja kushangaa. Mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa na kanzu nyeupe.

Lakini mwanaume alikuwa ameonja utamu wa kumaliza. Maisha yangu yote namsihi amalize, na siku moja ambayo ilifaa aachie njiani, ndiyo siku aliyoamua kutimiza kila kitu.

"Bado mafuta, mjomba," akasema.

Alikuwa ameona video kwenye simu. Mzungu mmoja anafunga chujio kama lile, na mwisho kabisa anaimiminia sponji mafuta kutoka kwenye kichupa, anaiminya, anatabasamu. Alichokuwa akikisema Mzungu huyo, Abdulhamidu hakukielewa. Alichoelewa ni mafuta. Sasa mtu wa kisiwani akiambiwa apake mafuta kitu kitakachoishi na chumvi na upepo, hamwulizi mtu ni mafuta gani. Babu zetu walipaka, baba zetu wakapaka. Abdulhamidu akaenda kwa Hafidhi, mmoja wa wavuvi wa dago, wale wanaokuja na kupiga kambi ufukweni msimu wa samaki kisha wakarudi kwao, akatoka huko na chupa ya mafuta ya ini la papa.

Kwa asiyeyajua mafuta hayo, aseme alhamdulillahi. Ni mazito, ya rangi ya chai iliyolala, na harufu yake haisemeki mbele ya wakwe. Abdulhamidu alilipaka chujio mkono wa kwanza, akaliacha linywe. Akapaka mkono wa pili. Akapaka wa tatu, taratibu, kwa kidole, akifuatisha kila mkunjo. Alilipaka kwa upendo, namna mashua inavyopakwa kabla ya kushushwa majini.

"Sasa limeisha," akasema. Haki ya Mungu, sikuona kosa lolote. Na mimi ni mtu wa kisiwani, nililiona limependeza.

Ijumaa baada ya swala tukaondoka. Mume anayekwenda kumfuata mkewe hawezi kwenda peke yake, lazima awe na mtu mzima wa kusema naye maneno ya kiutu uzima, na mtu mzima huyo alikuwa mimi. Nilivaa kanzu niliyoishona mwenyewe, nyeupe, imepigwa pasi hadi inasimama. Nikapanda nyuma. Chujio lenyewe lilikuwa wazi, bila kifuniko, sawasawa na paja langu la kulia. Hilo la kuwa wazi nalo nilielezwa kwamba ndio uzuri wake.

Tulipopita karibu na soko la samaki, paka walitusindikiza. Walitoka chini ya meza mmoja mmoja, wakajipanga, wakatufuata kwa adabu hadi nyumba za mwisho. Watu walitupungia mikono. Mama mmoja muuza samaki aliuliza tunauzaje.

Pikipiki ilikuwa inakohoa tangu tulipoanza safari. Abdulhamidu akasema inazoea. Tukaingia njia ya mchanga, ikaanza kutoa moshi mweusi nyuma. Akasema inasafisha koo. Tukafika kwenye minazi, njia inapokuwa laini na gurudumu linataka nguvu, ikapiga chafya mara moja na kunyamaza. Akapiga kiki. Akapiga tena. Akavua shati, akapiga tena. Mafuta ya papa, yaliyokuwa yamepata joto la injini, yalikuwa yameyeyuka na kuhamia kwangu, kuanzia pajani hadi kwenye pindo. Nikashuka. Nikakunja kanzu, nikashika nyuma ya kiti, nikaanza kusukuma, mimi, mtu mzima wa kiutu uzima. Nilimwambia mpwa wangu maneno mengi njiani, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, nimeyaombea msamaha yote.

Tuliingia Ndagoni kwa miguu, tukisukuma, siku aliyotaka aingie kwa kishindo. Wanawake waliokuwa wanaanika mwani walisimama kututazama. Hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Mzee Shaibu alikuwa barazani kwake. Kabla hatujapiga hodi aliinua pua.

"Nani kapaka mashua siku ya Ijumaa?"

"Asalaam aleikum, mzee mwenzangu," nikasema.

"Waaleikumu salaam. Karibuni. Kaeni huko, huko upepo unakoelekea."

Tukakaa. Abdulhamidu akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba fupi. Nikaanza hotuba yangu. Nikaeleza kwamba kijana amekuja kumchukua mkewe, kwamba sharti lilikuwa kumaliza kitu kimoja, chochote, na kwamba amemaliza. Mimi ni shahidi, niliiona nati ya mwisho ikikazwa. Mzee Shaibu akaitazama pikipiki iliyosimama uani, tuli, ikidondosha mafuta mchangani.

"Mkadam, hiyo imekufa."

"Imekufa ikiwa imemalizika."

"Hata nguruwe akimalizwa hufa. Hakuna anayemleta ukweni."

Hapo pazia la mlango likafunuliwa, Swabaha akatoka. Hakumtazama mumewe. Alitusalimia sisi wazee, akashuka uani, akachuchumaa kando ya pikipiki, akagusa chujio kwa kidole, akanusa.

"Umepaka mikono mingapi?"

"Mitatu," akasema Abdulhamidu. "Kama mashua."

"Mashua inapakwa ili isipitishe kitu." Akainua uso. "Hili si ulilifunga lipitishe hewa?"

Ndani ya nyumba mtu alicheka, akazibwa mdomo. Nilimwona Abdulhamidu anaelewa. Lilimshukia polepole, kuanzia kwenye paji la uso. Nikajua kwamba tumekwisha. Nikaanza hata kutafuta ndala zangu kwa miguu.

"Niambie kitu kimoja," Swabaha akasema. Sasa alikuwa anamtazama. "Ulijua kilichonitoa. Kwa nini hukuweka mlango?"

Nilitegemea aseme mbao zimepanda, au seremala kasafiri. Anazo sababu za akiba mtu huyu, anazo ghala nzima. Lakini alikuwa amesimama pale tumbo wazi, shati begani, ananuka papa mbele ya wakwe zake, na nadhani aliona hana tena cha kuficha.

"Mlango ungeuona ukikaa upande, umepinda," akasema. "Chujio hulijui. Nilisema angalau hili hutajua kama limekaa upande."

"Kwa nini likae upande?"

"Unaikumbuka rafu ya vyombo?"

Mimi sikuwa naijua hiyo rafu. Swabaha aliijua. Uso wake ulibadilika.

"Mwaka tuliooana," Abdulhamidu akaendelea, anaongea na mchanga. "Niliimaliza yote, hadi rangi. Ukaita dada zako waione. Ukaweka kikombe, kikateleza. Mkacheka. Mkawa mnaweka kikombe tena na tena mkione kinavyoteleza. Nami nilicheka. Nikaivunja nikafanya kuni. Tangu siku ile kila nikifika mwisho wa kitu nakisikia kile kikombe. Kisipoisha, hakuna anayeweza kukipima."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nauli. Mimi nilitazama pembeni. Kwa mara ya kwanza nilizipitia kichwani zile kazi zake zote, nyumba, kitanda, uzio, na nilizionea uchungu, jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Mimi nikadhani umenichoka," Swabaha akasema. "Nikasema, mtu anayenitaka hawezi kuniacha naoga nyuma ya gunia."

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Jicho lako."

Swabaha alibaki amechuchumaa vile vile. Kisha akaomba bisibisi. Akaufungua ukanda, akalichomoa chujio, akaenda nalo nyuma ya nyumba, na tukasikia maji yanamwagwa na mkono unasugua. Alitumia sabuni ya unga karibu pakiti nzima. Alipolirudisha lilikuwa jekundu tena, akaliweka juani juu ya kinu. Mzee Shaibu alinyanyuka, akamletea mkwewe kidumu cha mafuta ya injini ya boti, akamwonyesha kwa ncha ya kidole: kiasi hiki, si zaidi. Abdulhamidu naye akafungua plagi, ile inayotoa cheche, akaifuta masizi. Tukaletewa chakula, mimi nikapelekewa changu mbali kidogo na wengine, kwa sababu ya kanzu.

Alasiri likakauka. Abdulhamidu akalipaka kile kiasi alichoonyeshwa, akalichomeka mahali pake, akakaza ukanda, akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma Ndagoni nzima ikasikia. Akajiweka kando, bisibisi mkononi. Si pikipiki aliyokuwa akiitazama. Alikuwa anamtazama mkewe.

Chujio limekaa upande. Ukanda ulikuwa umeshika vibaya, koni imeinama kuelekea chini waziwazi, kiasi cha kuonekana na mtu aliyeko msikitini. Mimi niliona. Mzee Shaibu aliona, akainua fimbo kuonyesha, nikamkanyaga mguu. Swabaha alikuwa ameona kabla yetu sote. Akafungua mdomo.

Sijapata kuuogopa mdomo wa mtu kama nilivyouogopa ule.

Akaufunga. Akaingia ndani, akatoka na begi lake, akampa mumewe aliweke mbele kwenye tangi, akapanda nyuma, akakusanya baibui yake vizuri isiguse injini.

"Twende," akasema.

Abdulhamidu akatia gia. Waliondoka kwa kelele zao zote, mke amemshika mume kiunoni, wakaniacha barazani na kanzu yangu, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza mimi nitarudi na nini.